Chanjo ya Kuku Niliyojichoma Mnadani

Jamani, mimi nimeshaaibika mara nyingi, nimewahi kuanguka na ndoo ya maji mbele ya bwana harusi, nimewahi kumshonea mwenyekiti wa kijiji suruali yenye mguu mmoja mfupi na akaivaa mkutanoni, lakini aibu ya siku ile ya mnada hapa Kinyangiri ni habari nyingine kabisa, maana mpaka leo nikikatiza sokoni kuna watu wazima, wenye ndevu zao, wananiwikia. Ndiyo, wananiwikia, kokorikooo, halafu wanageuza shingo kana kwamba si wao. Na mimi napita tu, nitawajibu nini? Kosa nililitengeneza kwa mdomo wangu mwenyewe, kwa neno moja dogo, kwa hiyo ngoja niwasimulie lote mnicheke mara moja yaishe.

Naitwa Yunisi, fundi cherehani, na sare nyingi za shule mnazoziona huku zimepita mikononi mwangu. Mikono yenyewe ndiyo yenye kesi. Kwa miaka kumi na moja nilikuwa na ugonjwa wa ngozi, ulianzia viwikoni, ukapanda kichwani, ukashuka mpaka viganjani, mabaka manene yenye magamba meupe yanayopukutika kama pumba za mahindi. Zahanati waliniambia ni pumu ya ngozi, nikapaka mirija ya dawa mpaka nikasahau idadi, nikapaka asali, nikapaka mafuta ya alizeti, nikapaka shubiri, nikanuka kila aina ya harufu na magamba yako palepale. Mume wangu alivumilia miaka miwili, wa tatu akasema anakwenda Issuna kununua alizeti, na mpaka leo anainunua.

Watu wa hapa si wabaya, nisiwasingizie. Hakuna aliyenitukana. Ila wateja walikuwa wanaweka kitambaa mezani badala ya kunipa mkononi, na kwenye salamu mtu anakumbuka ghafla kwamba ameshika jembe. Na misibani ndiyo usiseme. Nikifika na kisu changu nikae na wenzangu tumenye vitunguu, utasikia, "Aa, fundi, wewe pumzika bwana, kazi ya cherehani inachosha mgongo." Nimepumzishwa kwenye misiba yote ya kijiji hiki! Nikawa nakaa kwenye kigoda pembeni, mikono mapajani, nimepumzika mpaka machozi yananilenga, halafu naondoka mapema nasingizia sare za watu.

Nikarudi kwa kuku wangu. Hao hawakuniogopa. Magamba yakidondoka chini ya cherehani wao wanadonoa (msikunje sura, ndiyo ukweli wenyewe), na mimi naongea nao, nawapa habari za mitaani ambazo sikuwa na wa kumpa.

Basi, mwaka juzi nikapata rufaa ya kwenda Dodoma, kwenye hospitali moja kubwa, nikaonana na daktari wa ngozi, mama mmoja mpole ambaye alinishika mkono bila kuvaa glavu. Nikalia hapo hapo kabla hajaniuliza chochote. Akasema hii si pumu ya ngozi, hayo ni magonjwa mawili tofauti, wangu unaitwa soriasisi, hauambukizi wala si laana ya mtu. Akanieleza kwamba mwilini kuna askari wa kulinda, na wa kwangu wamepaniki, kuna mjumbe mmoja anabeba habari za uongo kutoka kwao anaipelekea ngozi, "jenga haraka, jenga haraka, tumevamiwa," basi ngozi inajenga usiku na mchana, ndiyo hayo magamba. Dawa za zamani za kumeza zilikuwa zinawanyamazisha askari wengi kwa pamoja, wabaya na wazuri. Hizi mpya zinalenga. Zinamkamata mjumbe yule mmoja tu, wengine zinawaacha na kazi zao.

"Lakini haiponyi, Yunisi," akasema. "Inatuliza. Ukiacha, mjumbe anarudi kazini."

Bei yake nisingeiweza hata ningeuza cherehani na nyumba. Kulikuwa na mpango wa hospitali, wagonjwa wachache tu wanapewa bure, wakanipima kifua, wakanipima damu, wakaniingiza. Masharti yalikuwa makali. Sindano moja kila mwezi, unajichoma mwenyewe pajani, unarudisha tupu Dodoma, unapewa mbili nyingine. Ukikosa dozi bila sababu ya maana nafasi yako anapewa mwingine, maana foleni ni ndefu. Na dawa ikae kwenye friji siku zote. Sindano yenyewe ni kama kalamu nene, ukivuta kifuniko uichome palepale, hakirudishwi.

Kwa nini sikuiweka zahanati? Zahanati ina friji, lakini pale barazani wamejaa akina mama wa kliniki kutwa nzima, na hao ndio watu niliokuwa nawakimbia. Nikaenda kwa Bwana Mrisho, mwenye duka la dawa za mifugo, mtu mcheshi, anapenda mambo mapya kupita kiasi. Nikamwomba anihifadhie kijiboksi.

"Fundi, hii friji ni ya chanjo tu," akasema. "Nyama siweki, soda siweki, hata mke wangu nimemkatalia maziwa."

"Basi ni chanjo," nikasema.

"Chanjo ya nini?"

Nyuma yangu walikuwa wamesimama wanawake wawili wanasubiri dawa ya kupe. Nikahisi macho yao kisogoni. Mngekuwa ninyi mngesema nini? Mimi nilisema, "Ya kuku."

Loo, alivyofurahi! "Ya sindano? Kutoka Dodoma? Fundi umeingia kwenye ufugaji wa kisasa!" Nikacheka kidogo, nikaondoka. Nikaona nimepona. Kila mwezi nikawa naenda naichukua, nachungulia huku na huku, naipeleka nyumbani, nafunga mlango na komeo, najichoma.

Na dawa ikafanya kazi, tena sana. Baada ya sindano ya tatu viganja vilikuwa laini, gamba hata moja hakuna. Nilikuwa naweka mikono juu ya kitambaa cha sare naitazama kama mikono ya mtu mwingine niliyoazimwa. Nikanunua kanga mpya, nikanunua vikombe vinne vya chai vyenye maua, vinne, maana nilijua sasa watu watakuja. Nikapika maandazi Jumapili moja, Jumapili ya pili, ya tatu. Yote nikala mwenyewe na kuku. Magamba yalikuwa yameondoka, lakini watu walikuwa wameshazoea kutokuja, na mazoea ya watu hayana sindano.

Sasa sikilizeni. Kikaingia kideri. Kilianzia nyumba za bondeni, kuku wanapinda shingo, wanaharisha kijani, asubuhi unakuta wamelala kama matambara. Nyumba hii wameisha, nyumba ile wameisha, kwangu hakufa hata kifaranga. Bwana Mrisho akaanza kutangaza, "Si mnaona? Fundi Yunisi anachanja kwa sindano ya kisasa." (Baadaye nilikuja kuambiwa kwamba kideri kinabebwa na watu, kwenye miguu yao na matenga yao, wanapotembeleana. Mimi nilikuwa natembelewa na nani?)

Siku moja saa nne asubuhi nasikia, "Hodi humu." Nikadhani ni redio. "Hodi, fundi."

Alikuwa Bi Zulfa, jirani yangu, mjane, ua wake na wangu umetenganishwa na michongoma tu. Miaka tisa tumepakana na alikuwa hajaingia kwangu.

"Shikamoo, Bi Zulfa."

"Marahaba, mwanangu. Nimekuja na shida ya kuku."

Nikamkaribisha, nikamimina chai kwenye kikombe cha maua, na alipokuwa anakipokea akanishika mkono, hivi, kiganja kizima, akaushikilia huku anaongea. Alikuwa na kuku kumi na saba. Binti yake yuko Manyoni, amemjengea chumba, kila mwaka anamwita akakae naye, na yeye kila mwaka anajibu, nikija huko kuku wangu namwachia nani? "Hao kuku ndio wananiweka hapa, fundi," akasema. "Wakiisha hao, mwanangu atakuja kunibeba kama mzigo. Nigawie na mimi ile chanjo yako."

Hapo ndipo nilipaswa kusema kweli. Au hata bila kusema kweli, ningemwambia tu, nenda kwa Mrisho kuna chanjo ya kawaida, ya tone moja jichoni, kuku wako bado hawajaugua, wahi. Maneno mafupi kabisa. Lakini nikapiga hesabu yangu moja mbaya sana. Nikajiambia, akienda leo akachanja, kesho atakuja kufanya nini?

Nikamwambia, "Ile ya tone ni ya zamani, Bi Zulfa. Inapiga ovyo. Hii yangu inalenga." Nikamweleza na habari za mjumbe na askari, yote, neno kwa neno kama nilivyoelezwa Dodoma, ila pale penye ngozi nikaweka manyoya. Alinisikiliza mdomo wazi. "Kumbe kuku naye ana askari?" "Wengi tu." Nikamwambia asubiri, shehena mpya iko njiani.

Akaja kesho yake kuuliza kama imefika. Akaja keshokutwa. Akawa anakuja kila siku, anakaa karibu na cherehani, ananikatia nyuzi, ananifungia vifungo, ananisimulia ujana wake, anacheka mpaka kanga inamwanguka. Wiki mbili nzima. Sijawahi kuwa na wiki mbili kama hizo. Wengine nao wakaanza kuja, watatu, wanne, mpaka vikombe vikaisha, na mimi nahubiri habari za dawa inayolenga kama niliyesomea. Kila jioni nikifunga mlango najiambia kesho nitasema. Kesho ikifika nasikia hodi, naweka maji jikoni.

Basi Bwana Mrisho akaona huu ni wakati. Bila kuniambia akampigia simu afisa mifugo, binti mmoja anaitwa Anitha, kwamba siku ya mnada aje achanje kuku wa watu kwa tone, na yeye Mrisho atawaonyesha wananchi chanjo mpya ya fundi Yunisi. Mimi habari nilizipata asubuhi ya mnada wenyewe. Na siku hiyo ndiyo ilikuwa siku yangu ya kuchoma! Nikajua dawa yangu, tena ya mwisho mpaka niende Dodoma, iko kwenye friji ya mtu anayependa kuonyesha vitu.

Nilitaka niwahi alfajiri niichukue. Lakini Bi Zulfa alipita kwangu na tenga lake lenye mitetea miwili, akasema tunywe kwanza chai tuongozane. Tuongozane! Kwenda mnadani na mtu, bega kwa bega, watu wanatuona! Nikakaa nikanywa chai. Nikakaa tena kidogo.

Tulipofika, meza iko nje ya duka, watu wamejaa, kila mmoja na kuku kwapani, na Bwana Mrisho ameshika spika. "Ndugu wananchi, hii inayokuja sasa siyo chanjo ya kubahatisha, hii inalenga!" Maneno yangu mwenyewe, jamani. Nikaona kijiboksi changu mkononi mwa Anitha, anakigeuza, anasoma, anakunja uso. Nikaanza kusukuma watu, nipishe, nipishe, nikakanyaga tenga la mtu, kuku wakapiga kelele.

"Hebu subiri kwanza," Anitha akasema.

Bwana Mrisho asubiri? Alishaitoa ile kalamu, akaiinua juu watu waione, na pap! akavuta kifuniko.

"Usivute!" nikapiga kelele, na watu wote wakageuka.

Anitha akasoma kwa sauti kile kikaratasi walichobandika wa hospitali, sidhani alikuwa na nia mbaya, nadhani alishangaa tu. "Jina la mgonjwa, Yunisi. Jinsia, mwanamke. Umri, miaka arobaini na sita. Choma pajani mara moja kwa mwezi."

Mzee Mkumbo, yule mfugaji mwenye jogoo mwekundu, akasema taratibu, "Kumbe fundi ana kuku anaitwa Yunisi." Na mwingine akadakia, "Miaka arobaini na sita! Huyo supu yake itachemka wiki nzima!"

Mnada ukalipuka kicheko. Mimi naangalia ile kalamu tu mkononi mwa Mrisho, sindano iko wazi, jua linaiwakia. Nikikimbilia nyumbani imeharibika. Nikinyamaza imeharibika. Dodoma nitasema nini, kwamba dozi yangu ilionyeshwa mnadani na chanjo za kuku? Nikaona viganja vyangu vinarudi kule vilikotoka, nikajiona nimepumzishwa tena. Nikamnyang'anya.

Sasa, gauni nililovaa lilikuwa refu, la zipu mgongoni, tumboni, ambako nako wanaruhusu kuchoma, hapafikiki. Ni paja tu. Nikapandisha gauni mbele ya wakwe wa watu, wazee, wachungaji wa mbuzi, na muuza miwa, na chini ya gauni (hapa ndipo Shetani mwenyewe aliposaini) nilikuwa nimevaa bukta ya michezo, mabaki ya oda ya shule, ya kijani, ina namba saba kubwa nyeupe pajani.

"Namba saba anaingia!" mtu akapiga kelele.

Nikabana, ikalia ka! Nilifundishwa kuhesabu mpaka kumi na tano bila kuitoa, na mimi nikitetemeka huwa nahesabu kwa sauti, basi nikaanza moja, mbili, na mnada mzima ukadakia, tatu! nne! tano! kwa kupiga makofi, kama tunazindua mradi. Tulipofika kumi na tano, jogoo wa Mzee Mkumbo, akiwa kwapani, akanyoosha shingo akawika.

Ndiyo asili ya kuwikiwa kwangu. Wapo wanaoapa kwamba fundi alijichoma chanjo ya kuku na karibu ataanza kutaga.

Anitha, maskini, alikuwa anajaribu kuwanyamazisha. "Hii ni dawa ya binadamu! Ya ngozi! Haiambukizi, msimcheke mama wa watu!" Nani anasikia? Lakini neno lake la pili lilisikika, maana kicheko kilikuwa kinashuka. Alikuwa ameinama kwenye tenga la Bi Zulfa, amemshika mtetea mmoja, shingo imeshaanza kupinda.

"Bibi, huyu ameshaugua. Hapa chanjo haisaidii tena. Nani alikwambia usubiri? Chanjo ya tone iko hapo dukani wiki zote hizi."

Bi Zulfa akanitazama mimi. Gauni langu lilikuwa bado limeshikwa juu kwa mkono mmoja, sikuwa nimelishusha, na katika yote ya siku ile, bukta na jogoo na makofi, jicho lake lile ndilo ninalokumbuka nikiwa peke yangu. Alinitazama tu, akafunika tenga lake, akaondoka. Hatukuongozana kurudi.

Alikuja baada ya siku tatu. Hakuingia, alisimama upande wake wa michongoma.

"Wamebaki wanne, fundi."

Nikamwambia kila kitu. Ngozi, Dodoma, friji, yote. Nikamwambia, "Nisamehe, Bi Zulfa. Niliogopa ukishachanja hutakuja tena."

Akawa anang'oa majani makavu kwenye michongoma. "Kwa hiyo kuku wangu wamekufa ili mimi nije kunywa chai."

Na mimi nikaanza kung'oa majani upande wangu.

"Mimi ningekuja hata bila kuku," akasema.

Na mimi, pamoja na makosa yangu yote, nikapandwa na hasira, nikamwambia, "Miaka tisa hukuja, Bi Zulfa!"

"Na wewe hukuja. Mume wangu alipofariki ulikuja ukakaa pembeni kama mgeni wa serikali, ukaondoka hata hatujazika. Nikasema huyu fundi anajidai."

"Niliambiwa nipumzike."

"Na nani?"

"Na wote."

"Mimi nilikuambia?"

Nikafikiri. Nilifikiri sana, jamani, nikarudisha akili mpaka siku ile ya msiba, sura moja moja. Yeye hakuwa amesema. Yeye alikuwa ndani, mfiwa, alikuwa anawasubiri watu waingie kumpa pole, na mimi sikuingia.

Wale wanne wakaisha kabla ya Ijumaa. Wiki iliyofuata binti yake alikuja kutoka Manyoni na gari la kukodi, wakapakia godoro, masufuria na mikeka. Nilisimama mlangoni kwangu. Bi Zulfa aliniaga, tena vizuri, "Haya fundi, ubaki salama, utunze ngozi yako," akaingia kwenye gari. Alikuwa ameketi nyuma kati ya godoro na masufuria, kama mzigo, kama alivyosema mwenyewe.

Sasa hivi dawa naichukua kwa Mrisho mchana kweupe, naingia nasema kwa sauti, "Naomba dawa yangu ya ngozi," hata waliojaa dukani wasikie. Wanaowika wawike. Mkono wangu watu wengine wanaushika siku hizi, na msiba uliopita nimemenya vitunguu mpaka nikalia machozi ya vitunguu kweli, sikuambiwa nipumzike. Nashukuru. Lakini saa nne asubuhi, saa aliyokuwa anakuja Bi Zulfa, bado nasimamisha cherehani nasikiliza.

Basi la Dodoma linasimama Manyoni, abiria wanashuka kununua chakula na kwenda msalani. Nikiwa narudi nina kisingizio, nimepakata boksi la barafu na sindano zangu mbili ndani, nikishuka barafu itayeyuka, dawa itaharibika. Lakini nikiwa nakwenda boksi ni tupu. Hakuna kinachoyeyuka humo. Na bado mara tatu sasa nimekaa dirishani mpaka basi likaondoka, naogopa atanitazama vile tena.

Jumatatu nakwenda tena. Safari hii nashuka, nimeshaapa, na mmenisikia ninyi wote. Nitaulizia nyumba ya binti wa Bi Zulfa, nitasimama mlangoni, nitapiga hodi. Na nisipojibiwa, nitapiga tena.